Zitoeni Uvunguni: Santuri za Tanga na Wenye Kuzijua

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, assalaam alaykum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu Wakristo. Vijana mliojipanga huko mlangoni, hamjambo? Viti vya mbele viko wazi, njooni mkae, maana mengi nitakayosema leo yanawahusu nyinyi.

Nimeombwa nizungumze juu ya santuri. Hapa Ngamiani, mjini Tanga, wengi mnanijua kwa kazi ya redio, kuchomea waya na kutafuta spea, kwa hiyo hamtashangaa nikiingia kwenye habari za sindano na mota. Lakini neno langu kubwa si la ufundi. Nalitanguliza ili hata anayewahi kufunga duka aondoke nalo: santuri zilizomo majumbani mwenu zitoeni sasa, zipigwe, na zipigwe mbele ya watu waliozinunua. Sahani ya plastiki ikitunzwa itatuzika sote. Anayejua kilichomo ndani yake hatatungoja, na wengi wa hao wameshavuka miaka themanini.

Tuangalie tulichonacho. Mji huu ulikuwa na pesa ya mkonge, una bandari na reli ya kwenda Moshi, na watu wa kila kabila walikuja hapa kutafuta kazi. Mishahara ikitoka, watu wanataka dansi. Ndiyo zikawepo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kila bendi ilikuwa na watu wake walioapa kwamba nyingine haijui kitu. Wapigaji wengi wa enzi hizo walijifunza kwa sikio. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za muziki wa Kuba, zile zenye herufi GV kwenye lebo, na rumba ikaenea Kongo mpaka ikatufikia sisi huku mwambao. Kijana wa wakati ule hakuhitaji kujua Kihispania. Alirudisha sindano pale pale, mara nyingi alivyoweza, mpaka vidole vikaelewa.

Kwenye Jamhuri Jazz ndiko walikoanzia akina Kinyonga, Wilson na mdogo wake George. Mwaka 1966 walikuwa hapa. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, wakaunda Simba Wanyika. Wakenya wanapojivunia Simba Wanyika wana haki kabisa. Na sisi tuna haki ya kuwaambia watoto wetu kwamba wale ni watoto wa Tanga.

Upande wa taarabu, Tanga ilifanya jambo ambalo nadhani hata sisi wenyewe hatujalipima sawasawa. Unguja walikuwa na okestra kubwa, fidla zimepangwa safu, ganuni, udi, mtindo ulioelekea Misri. Black Star Musical Club ya hapa kwetu ikaja na kundi dogo, ikaingiza gitaa na besi, ikaweka mdundo wa kuchezeka. Lucky Star nao wakaja na moto huo huo. Mombasa wakasikia, Dar es Salaam wakasikia, na taarabu haikurudi tena ilikokuwa. Sauti iliyobeba kazi hiyo ni ya marehemu Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyeimba na vikundi vyote viwili kabla ya kuhamia Dar es Salaam kwenye JKT Taarab, kikundi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Alitutoka mwaka 2016. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wapo humu ndani waliomtunza kwa mkono wao, noti imekunjwa, wakiwa wasichana. Nawaona, na baadaye nitawafuata mmoja mmoja.

Sasa santuri zenyewe zilitoka wapi? Tanzania miaka hiyo hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Radio Tanzania ilirekodi bendi kwenye kanda kubwa ili irushe hewani, lakini anayetaka santuri ya kuweka nyumbani alitegemea jirani: mitambo ilikuwa Nairobi, na Mombasa walikuwapo wafanyabiashara wenye lebo zao, kama Mzuri, iliyotoa taarabu nyingi za mwambao. Kwa mtu wa Tanga hilo halikuwa gumu, kwani Mombasa iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Ndipo mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka sita hiyo iliumiza santuri kuliko kitu kingine chochote. Mpaka unafunguliwa, kaseti zimeshashika soko, sindano hazipatikani, na gramafoni za watu zimegeuka meza za kuwekea vitambaa vya kufuma na picha za harusi.

Na kaseti, ndugu zangu, ilitunyima kitu ambacho vijana hawawezi kukijua wasipoambiwa. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika inachukua kama dakika tatu au nne kila upande. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko hapo. Kwa hiyo waliukata: upande wa kwanza maneno, taratibu, mwimbaji anakueleza shida yake; unageuza, na upande wa pili ndiko magitaa yanakochemka na saksafoni inajibu, watu wameshasimama. Huko kugeuza kulikuwa sehemu ya dansi. Palikuwa na mtu wa kazi hiyo kila nyumba, mara nyingi kijana mdogo aliyeruhusiwa kukaa karibu na mashine, na akichelewa wacheza dansi walimpigia kelele. Leo nyimbo nyingi za namna hiyo zinazunguka kwenye simu zikiwa nusu. Mtu alihamisha upande mmoja tu, akauita wimbo mzima. Kijana anasikiliza maneno, hasikii chemko, anasema muziki wa babu umepoa. Hajausikia bado!

Naomba mnivumilie nieleze jambo moja lililotokea kwangu kazini, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Alikuja bibi mmoja na mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu. Walikuwa na santuri ya taarabu kwenye mfuko wa rambo, haina hata bahasha. Lebo imefifia, lakini pembeni yake mtu alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino, kama tulivyokuwa tukifanya ili santuri ikiazimwa ijulikane ya nani. Nikaiosha, nikaikausha, nikaiweka. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, kwa hiyo kila ikizunguka inagonga kidogo, tak, tak, kisha sauti ya mwimbaji inaingia juu yake. Wimbo ulikuwa wa ndege aliyefunguliwa tundu akaruka. Binti akasikiliza kwa heshima tu, mkono uko kwenye simu.

Beti la pili bibi akacheka peke yake. Mjukuu akamuuliza kulikoni. Bibi akasema, "Huyo ndege si ndege."

Akaanza kueleza. Wimbo ule kulikuwa na mama akiuomba kila harusi, na aliuomba ili mwenzake aliyekaa mkeka wa pili ausikie. Kiitikio kikifika, anainuka taratibu, anakwenda kutunza, anapita mbele ya mwenzake kwa maringo, harudi kwa njia aliyokwendea. Jumamosi inayofuata mwenzake naye anaomba wa kwake wa kujibu. Mtaa mzima unajua ndege ni nani, tundu ni la nani, na mlango nani aliuacha wazi. Binti akaweka simu chini. Akasema, "Kumbe bibi mlikuwa mnachambana!" Bibi akamjibu, "Kwa adabu."

Wakarudia wimbo huo mpaka nikafunga duka.

Ndugu zangu, hakuna hata neno moja la hayo aliyoyasema bibi lililomo kwenye ile sahani. Taarabu ni fumbo, na fumbo bila anayelijua ni maneno matupu kuhusu ndege. Hali ni hiyo hiyo kwenye dansi. Chukua santuri yoyote ya bendi zetu usome lebo: jina la bendi, jina la wimbo, pengine jina la mtunzi, basi. Nani alipiga solo? Nani alishika rithimu, nani besi, nani aliitikia sauti ya pili? Tumba zile ni za nani? Vijana wale walikuwa wapangaji katika barabara zetu hizi za namba, walikula kwa mama ntilie mmoja, wana watoto na wajukuu wanaotembea mjini leo bila kujua kwamba gitaa linalolia kwenye simu ya mwenzao ni la babu yao. Mzee aliyekuwepo ukumbini anaweza kukwambia kwa kusikia mapigo mawili. Nimeshuhudia. Mzee amekaa kimya, kumbukumbu zimemtoka, jina la jirani linampotea, lakini gitaa likiingia anataja mpigaji, anataja shati alilovaa.

Ndiyo maana nasisitiza wenye kuzijua wawepo. Sioni faida ya kutosha mtu akikusanya santuri elfu akazifungia kabatini, wala akizipandisha zote kwenye intaneti bila majina. Nataka kila santuri inayopigwa mjini hapa iwe na mzee pembeni na kijana pembeni, na simu katikati inarekodi mazungumzo. Muombe ruhusa mzee kwanza. Kisha acha wimbo upigwe mpaka mwisho kabla hujauliza, maana ukimkatiza umempotezea njia. Muulize maswali madogo: huu mlikuwa mnaupiga wapi? Nani aliupenda? Santuri hii ulinunua wapi, na nani alikukataza? Maswali makubwa ya "tueleze historia ya muziki" humfanya mzee ajibu kama anatoa hotuba, na hotuba yangu hii inatosha kwa leo.

Nawageukia wazee wangu sasa, na nasema kwa heshima zote. Msiwaambie watoto kwamba muziki wao ni kelele. Kijana ukishamwambia hivyo, hata umpigie kitu kizuri namna gani, masikio ameshayafunga. Gitaa la besi ndani ya taarabu nalo lilikuwa jambo geni siku lilipoingia, na leo ndilo tunaloliita la zamani. Wagosi wa Kaya walipotokea hapa Tanga na kurapu juu ya matatizo ya mji, wapo wazee waliotikisa kichwa. Sasa waliokuwa wakiwasikiliza shuleni wana watoto wa sekondari, na wanawasimulia. Mwacheni kijana naye apige wimbo wake, mmoja wa kwake mmoja wa kwenu, kwa zamu. Nimeona mama wa miaka sabini na kitu akiuliza maana ya maneno ya singeli kwa makini kuliko mjukuu alivyouliza ya taarabu. Mazungumzo yalinoga kwa sababu kila mmoja alikuwa na la kufundisha.

Haya, kidogo ya ufundi, kwa sababu nimeona santuri nyingi zikiuawa na watu wanaozipenda.

Kwanza jua unashika nini. Zile nzito, zinazovunjika vipande zikianguka, za mizunguko 78, hazikutengenezwa kwa plastiki. Zimetengenezwa kwa lakri, utomvu wa wadudu unaotoka India, uliochanganywa na unga wa mawe. Hizo ndizo za enzi ya Siti binti Saad, aliyetoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili, na ambaye wasifu wake uliandikwa na mtu wa kwetu kabisa, Shaaban Robert wa Vibambani. Ukiwa na santuri ya Siti nyumbani, tafadhali usiiazime mtu, hata mimi. Na usiisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti inayeyusha lakri na mistari yote inaondoka na kitambaa chako. Zile nyepesi za plastiki, za 45 na 33, ni ngumu zaidi kuvunjika lakini zinakwaruzika upesi.

Kosa ninalolikuta sana ni hili: mtu anapata gramafoni ya kizamani ya kuzungusha kwa mkono, anafurahi, anaweka juu yake santuri ya 45 ya babu yake. Mkono wa mashine ile ni mzito na sindano yake ni ya chuma. Inachimba plastiki, na wimbo unaharibika mara ya kwanza tu. Hata kwenye mashine ya kisasa sindano hazifanani, kwa kuwa mchirizi wa santuri ya 78 ni mpana kuliko wa 45. Leteni kwanza tuangalie. Sitatoza kuangalia.

Unyevu wa bahari yetu nao ni adui. Kuvu huingia kwenye michirizi ikaonekana madoa meupe, watu wakadhani santuri imekufa. Mara nyingi haijafa. Maji safi ya uvuguvugu, bora yaliyochujwa chumvi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mzunguko wa mistari wala hukatizi, na lebo usiilowanishe. Suuza, acha ikauke yenyewe kivulini. Kisha isimamishe wima. Ukizilundika moja juu ya nyingine chini ya bati la moto, baada ya miezi michache zitapinda kama chapati, na hakuna fundi wa kuzinyoosha.

Ukihamishia kwenye kompyuta, programu kama Audacity ni ya bure na vijana wataifahamu haraka. Hifadhi nakala kubwa ya WAV, biti 24, isiyobanwa, hata ikijaza nafasi. Ya kutumiana kwenye WhatsApp tengeneza nyingine ndogo. Usiwe na haraka ya kufuta mikwaruzo. Zipo programu zinazosafisha sauti mpaka zinakula upatu na pumzi ya mwimbaji, ukabaki na kitu kitamu kisichofanana na mtu yeyote. Na hamisha pande zote mbili! Piga picha ya lebo zote mbili, na zile namba zilizokwaruzwa karibu na lebo, pale wimbo unapoishia. Kwa namba hizo wanaojua kazi hii wanaweza kufuatilia santuri ilitoka mtambo gani na toleo gani.

Limebaki moja, na hili nalisema kwa uchungu. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazitafuta santuri za Afrika Mashariki, na wanazilipia. Siwalaumu wanaopenda muziki wetu. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyiko wa Black Star na Lucky Star, na watu wengi huko nje waliijua taarabu ya Tanga kupitia kazi hiyo, wakati madukani kwetu ulikuwa huwezi kuikuta. Kinachoniuma ni nyumba iliyouza boksi zima kwa bei ya mfuko wa unga, bila kubaki hata na nakala, na sasa mtoto wa nyumba hiyo akitaka kuisikia sauti ya shangazi yake inabidi akaitafute kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua. Ukiwa na shida ya pesa uza, mali ni yako. Lakini kabla hujauza, tuihamishe, tupige picha, na mama au baba aseme anachokijua.

Na nyinyi vijana mnaotengeneza biti, nimesikia jinsi mnavyokata vipande vya magitaa ya zamani mkavipachika. Vinapendeza, endeleeni. Ila jueni kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haki ya mtunzi haizikwi naye, inapita kwa warithi wake. Hapa Tanga bahati mlio nayo ni kwamba warithi hao pengine wanakaa mtaa wa pili. Nendeni mkabishe hodi. Waambieni mmekipenda nini, wasikilizisheni mlichotengeneza, andikeni jina la mzee kwenye kazi yenu, na kama kuna pesa mgawane. Mtu aliyepiga gitaa lile alilipwa kidogo sana au hakulipwa kabisa. Wajane wengine wa wanamuziki hawa wanaishi kwa kuuza maandazi.

Basi, shughuli ya leo iko hivi. Mashine zipo mbili pale mezani, moja ya 78 na moja ya 45 na 33, na sindano ni mpya. Waliokuja na santuri wazilete kwa kijana aliyeshika daftari. Ataandika jina la mwenyewe, na kila santuri itarudi mkononi mwa aliyeileta kabla hajatoka mlangoni. Wenye kumbukumbu wakae safu ya mbele karibu na spika, wenye simu za kurekodi wakae kati yao. Akiwapo mtu aliyewahi kupiga au kuimba na kikundi chochote cha hapa, hata kwa wiki moja, asione haya, anyooshe mkono. Tutaanza na waliotoka Pangani na Muheza, wasije wakakosa gari la kurudi. Mama wa kanga nyekundu, naona una bahasha tatu mapajani. Karibu, tuanze na ya kwako.